Kitanzi cha Goti

Barua ilikaa juu ya friji tangu Novemba, na Gregori hakutaka iguswe. Kila Jumamosi Flaviana aliipangusa vumbi akairudisha palepale. Ilitoka ofisi ya hataza, ile inayotoa hati za kulinda uvumbuzi, ng'ambo ya mto, Virginia, na ilisema kwa adabu zote kwamba kifaa cha Gregori cha kugeuzia wagonjwa kitandani hakistahili hataza, na kwamba uamuzi huo ni wa mwisho. Barua ya kwanza ya kukataliwa, iliyokuja mwaka mmoja kabla, haikuwa na neno hilo. Gregori aliposoma "mwisho" aliikunja karatasi, akasema, "Basi, wamemaliza na mimi," akaenda kulala na viatu vyake.

Mwishoni mwa Aprili Bi Cheryl alimpigia Flaviana simu kazini. Bi Cheryl ndiye aliyewaandikia maombi yale. Alikuwa amefanya kazi miaka thelathini kwenye kampuni za mawakili wa uvumbuzi, na sasa, baada ya kustaafu, alihudumia watu wachache wenye mifuko myepesi juu ya meza yake ya chakula huko Riverdale Park.

"Mume wako hapokei simu zangu," alisema. "Mwambie miezi sita ya kuijibu barua ile inaisha tarehe kumi na mbili Mei. Ikipita hiyo, maombi yamekufa, na mimi sina namna ya kuongeza hata siku moja."

Flaviana alikuwa amesimama kwenye korido ya nyumba ya wazee, Columbia, glavu mkononi, na kengele ya chumba namba nane inalia. Alijibu kwamba watakuja Jumamosi. Hakujua atamleta vipi.

Alimleta kwa kukaa kimya. Jumamosi asubuhi alivaa, akachukua funguo za gari, akasimama mlangoni. Gregori alimtazama muda mrefu kutoka kwenye kochi, kisha akainuka akavaa koti.

"Neno hilo linakutisha bure," Bi Cheryl alimwambia walipoketi mezani kwake. Alikuwa mwanamke mwembamba, mweusi wa hukohuko, mwenye miwani mbili, moja usoni na nyingine kichwani. "Maana yake ni kwamba duru hii imefungwa. Ukilipa ada ukaomba uchunguzi uendelee, na ukaleta madai yaliyorekebishwa, yaani orodha ya unachosema ni chako, mkaguzi wa ofisi ile anaifungua tena. Lakini ukileta madai yaleyale, atakukataa kwa maneno yaleyale, na utakuwa umelipa bure."

"Yaleyale yana ubaya gani?" Gregori aliuliza.

"Fremu yako na mkono wake wa kuzungushia. Mjerumani mmoja tayari ana hataza ya fremu. Mtu wa Ohio ana mkono. Mkaguzi anasema fundi yeyote mwenye akili angeviunganisha."

"Mimi sikumwona huyo Mjerumani wala huyo wa Ohio. Nilikaa kwenye gereji yangu Lanham nikachomelea mwenyewe."

"Najua. Sheria haiulizi kama uliwaona."

Gregori alitazama mikono yake. Kule Moshi alikuwa fundi wa mashine za hospitali, mtu wa kuitwa hata na madaktari wakubwa. Hapa alibadilisha balbu na kuzibua vyoo katika majengo matatu ya ofisi, na msimamizi wake, kijana wa umri wa mpwa wake, alimwita "Greg" na kumrushia funguo kwa mbali.

Bi Cheryl alifungua kurasa alizoziwekea alama. "Nimezungumza na mkaguzi kwa simu. Hawezi kuahidi, lakini kuna kitu kimoja hakukiona kwa Mjerumani wala kwa mwingine. Kiko kwenye maelezo yako, aya ya arobaini na mbili. Hatukukidai. Kile kitanzi kinachopita chini ya goti, kikavuka kwenda bega la upande wa pili, ili uzito wa mguu wenyewe umgeuze mgonjwa. Hicho tukikidai, anasema itabidi atafute upya, na ndiyo maana anataka uchunguzi uendelee rasmi."

Flaviana alijua aya hiyo kabla haijasomwa.

"Sasa," Bi Cheryl aliendelea, akishusha miwani, "nikibadilisha madai lazima niulize. Kitanzi cha goti alikibuni nani?"

"Mimi," Gregori alijibu.

Alijibu upesi, kama mtu anayetaja tarehe yake ya kuzaliwa. Bi Cheryl alimtazama Flaviana, labda kwa mazoea tu, maana wake wa watu walikaa pale wengi. Flaviana alishika mkoba wake akatazama sakafuni.

"Sawa," Bi Cheryl alisema. "Kumbukeni kila mvumbuzi anasaini kiapo. Hataza iliyoficha jina la mtu inaweza kuvunjwa mahakamani siku yoyote, hata baada ya miaka kumi."

*

Njiani hawakusema kitu mpaka walipoingia Lanham. Gregori ndiye aliyeanza.

"Usininyamazie hivyo."

"Nisemeje, Baba Edna? Ulishasema wewe."

"Séraphine alifunga kitenge. Hicho tu. Alifunga kitenge kama wanavyofunga watoto mgongoni. Je, huo ni uvumbuzi?"

"Wewe umesikia leo. Mkaguzi anasema hicho ndicho uvumbuzi. Hicho kingine chote kina wenyewe."

Gregori aliegesha gari lakini hakuzima injini. Flaviana alikumbuka waziwazi Krismasi ile ya miaka mitatu nyuma, kwa sababu yeye ndiye aliyeigiza mgonjwa. Alilala kwenye zulia la sebule yake, wageni wakicheka, na Gregori akahangaika kumgeuza kwa mkanda wa kiunoni. Ndipo Séraphine wa Bukavu, aliyefanya kazi na Flaviana, akaweka sahani chini. Alisema hapana, si kwa kiuno, mgonjwa mnene utamvunja na wewe utavunjika. Akavua kitenge chake cha begani, akakipitisha chini ya goti, akavuta kwa mkono mmoja, na Flaviana akageuka kama chapati. Watu wakapiga makofi. Gregori akaenda kutafuta kalamu.

Mwaka uliofuata Séraphine aliumia mgongo akimwinua mzee wa kilo mia na ishirini peke yake, kwa sababu mwenzake wa shifti hakutokea. Akaacha kazi. Maombi yalikuwa yameshapelekwa, jina moja juu yake.

"Nikimwingiza," Gregori alisema taratibu, "anakuwa mmiliki kama mimi. Bi Cheryl alinieleza mwanzoni kabisa. Mwenye jina anaweza kumuuzia yeyote bila kuniuliza. Miaka mitatu, Flaviana. Mikono imeungua. Halafu nigawane na mtu aliyefunga kitenge dakika moja?"

"Na usipomwingiza?"

Gregori alizima injini akashuka; Flaviana alibaki amekaa. Alikuwa amechoka, uchovu wa mtu aliyejua jambo muda mrefu akaliona halina haraka. Alinyamaza kwa sababu mumewe alihitaji mahali pamoja katika nchi hii ambapo hakuna aliyemrushia funguo. Aliona ni huruma. Sasa hakuwa na uhakika ilikuwa nini.

Ndani, Edna, binti yao wa miaka kumi na sita, alikuwa mezani na kompyuta. Alielewa kila kitu kilichosemwa kwa Kiswahili nyumbani mle na alijibu kwa Kiingereza daima.

"Did they say no again?" aliuliza.

"Hapana," mama yake akasema. "Wametuuliza swali."

*

Jumapili baada ya ibada Flaviana alikwenda Riverdale Park peke yake. Séraphine aliishi ghorofa ya chini, nusu ardhini, na binti yake Keza, katika jengo lililo nyuma ya Route 1. Mlango ulifunguliwa baada ya muda. Séraphine alitembea ameshika ukuta.

"Mama Edna! Ingia, kuko baridi. Keza iko kazini, sina kitu ya kukupa, kuko chai tu."

"Chai inatosha, Mama Keza."

Walizungumza habari za wazee wa Columbia, nani amefariki, nani bado anaomba peremende. Séraphine alikaa kwenye kiti kigumu chenye mto mgongoni, maana kochi lilimshinda. Flaviana alimweleza. Alianza na barua, akaenda kwa mkaguzi, akataja hata neno la Gregori kuhusu kufunga watoto mgongoni, akafika kwenye aya ya arobaini na mbili.

"Minajua," Séraphine alisema.

"Unajua nini?"

"Bwana yako alinionyesha ile dessin, ile picha ya mashine, kwa telefone yake, kwa harusi ya Onesphore, ile tulienda wote. Alifurahi sana. Aliniambia, tazama, nimechora mashine. Nikaona ile kamba kwa goti. Nikaona hata vile ninapindisha kidole. Nikangoja aniambie kitu. Hakuniambia. Na wewe ulikuwa karibu, unakula keki."

Flaviana aliweka kikombe chini.

"Nakuuliza kitu moja," Séraphine alisema. "Ulikuya sababu biro ya Virginia inakataa, ao ulikuya sababu ni kweli?"

Jibu zuri lilikuwepo, na Flaviana alilifikiria. Alimtazama yule mwanamke aliyekaa wima kama askari kwa sababu ya maumivu, akaona aibu kumpelekea jibu zuri.

"Kwa sababu ofisi imekataa," alisema. "Ingekubali, nisingekuja."

Séraphine alisogeza mto mgongoni. Juu, kwenye ghorofa ya pili, mtu alikuwa anaburuta kiti.

"Haya," alisema mwishowe. "Kwa hiyo hukunidanganya. Miaka mitatu mulinidanganya, leo hapana." Alijaribu kujinyoosha, akakunja uso. "Mimi sikusoma sana, Mama Edna. Lakini ile kitu, niliitafuta mwenyewe. Kwetu Bukavu mama yangu alilala miaka mbili, alikuwa munene, mimi mudogo. Nilijaribu kwa kiuno, nilijaribu kwa bega. Siku moja nikajaribu kwa goti. Si kufunga mutoto ile. Mutoto hafungwe kwa goti."

"Sikujua hayo."

"Hakuna mutu aliniuliza."

Flaviana alisema kwamba kuna karatasi ya kusaini, na kwamba jina lake litaandikwa. Séraphine alitikisa kichwa.

"Sitasaini kwa mukono yako. Yeye akuye. Akuye hapa, anione, aniulize mwenyewe."

*

Siku tatu Gregori alikataa. Alisema hatakwenda kuomba msamaha kwenye chumba cha chini ya ardhi kama mwizi wa kuku. Alisema aache yote yafe tarehe kumi na mbili, na kila mtu apumzike. Siku ya nne alirudi kutoka kazini mapema, akakaa jikoni bila kuwasha taa, na Flaviana alipomuuliza kuna nini, alisema msimamizi alimwomba aeleze jinsi alivyorekebisha kipasha joto kilichokuwa kimewashinda mafundi wa nje. Alieleza. Kabla ya kuondoka aliona ripoti: yule kijana ameandika jina lake mwenyewe.

"Ulimwambia nini?" Flaviana aliuliza.

"Nimwambie nini? Nilichukua ndoo nikaendelea." Alifuta uso kwa kiganja. "Twende."

Séraphine alikuwa ametandika zulia la kulalia kati ya kochi na meza. Hakuwapa chai. Gregori alikuwa ameandaa maneno garini, Flaviana alimsikia akiyanong'ona, na sasa alisimama akaanza: "Shemeji, kwa heshima na taadhima, nimefika mbele yako..."

"Usiseme Kiswahili ya kanisa," Séraphine alimkata. "Sema tu."

Gregori alishusha mikono. Alisema kwa sauti ndogo: "Nilijua ni yako. Nilijua nilipokuwa naandika. Nilisema moyoni nitakutaja baadaye, halafu baadaye haikufika."

"Sasa lala chini."

"Nini?"

"Lala. Uliichora, lakini haukuisikia hata siku moja kwa mwili yako."

Gregori alimtazama mkewe, na Flaviana hakumsaidia. Alivua viatu. Soksi moja ilikuwa na tundu kidoleni. Alilala chali kwenye sakafu ya watu, mtu mzima wa kilo tisini na tano, tumbo likipanda na kushuka. Séraphine alipiga magoti juu ya mto, taratibu, akishika kingo za meza, akapitisha kitenge chini ya goti la Gregori, akakivusha hadi bega. Kisha akavuta kwa mkono mmoja, bila kuinama. Gregori aligeuka ubavu. Hakuweza kujizuia wala kusaidia. Uso wake uliishia mbele ya miguu ya meza, na alikaa hivyo muda, akitazama mbao.

"Haiumi," alisema kwa mshangao.

"Ndiyo," Séraphine alisema. "Mugonjwa anaogopa kuanguka. Ukivuta kwa kiuno anaogopa. Kwa goti anajisikia ni yeye anageuka."

Gregori hakuinuka upesi. Flaviana aliona mabega yake yakitetemeka, akageuka akaenda kuosha vikombe ambavyo vilikuwa safi.

*

Walipeleka maombi tarehe tisa Mei: ombi la uchunguzi kuendelea, madai mapya, karatasi ya kurekebisha majina ya wavumbuzi, viapo viwili, na ada za kuchelewa. Nauli ya Flaviana ya kwenda kumwona mama yake mwezi wa saba iliishia humo. Walisaini pia makubaliano ambayo Bi Cheryl aliandikiwa na wakili rafiki yake, kwamba hakuna wa kuuza bila mwenzake. Bi Cheryl hakumlaumu Gregori kwa jibu lake la kwanza. Alisema tu, "Nafurahi umekumbuka," na akabonyeza kitufe cha kutuma.

Majira ya joto yalipita. Flaviana alichukua shifti za watu waliokwenda likizo. Séraphine alianza kuja Lanham siku za Alhamisi, kwa basi, na Gregori akamtengenezea kiti cha kukalia gereji, cha urefu usiomsumbua mgongo. Mwanzoni walizungumza kwa uangalifu, kama watu waliobebeshwa mayai. Kufikia Agosti walikuwa wanagombana kabisa, juu ya kila mkanda.

Barua ilifika Oktoba, siku ya Alhamisi. Edna aliisoma kwa sauti mezani, akiigeuza kwa Kiswahili chake cha kujikwaa kwa sababu Séraphine alikuwepo, huku Bi Cheryl akisikiliza kwenye simu.

"Madai ya kwanza mpaka la sita, amekataa," Edna alisema. "Ni ya fremu. Yote ya fremu, Dad. Sorry." Akageuza ukurasa. "Dai la saba, nane na tisa... haya anasema yanaweza kukubaliwa. Ya goti."

Hakuna aliyepiga makofi. Gregori aliichukua barua akaisoma mwenyewe, kidole kikifuata mistari. Fremu ilikuwa gereji, hatua kumi kutoka pale, imepakwa rangi mara tatu.

"Bi Cheryl," alisema kwa Kiingereza, "tukifuta hayo sita, kinabaki kitanzi tu."

"Kinabaki kitanzi," Bi Cheryl alikubali. Akasita. "Gregori, kuna jambo lazima niliseme. Mvumbuzi ni yule aliyebuni kitu katika madai yaliyobaki. Kama yaliyobaki hayana..."

"Nimeelewa." Aliiweka barua mezani, akainyoosha kwa viganja vyote viwili. "Ondoa jina langu. Libaki lake."

Flaviana alimtazama mumewe. Hakuwa amesema kwa hasira, wala kwa kutaka abembelezwe. Alikuwa na uso wa mtu aliyeshusha gunia akagundua mgongo bado upo.

"Anasema nini?" Séraphine aliuliza. Edna akamweleza. Séraphine akapiga ulimi.

"Hapana. Mwambie huyo mama angoje." Aliinamia simu, akainua sauti kana kwamba Bi Cheryl ni kiziwi. "Mimi nilifunga fundo! Fundo tu, ya kitenge. Ikilowa inalegea, mugonjwa anaanguka. Mama yangu alianguka mara mbili. Ile kifungio inafunguka kwa kidole moja, ni huyu aliiweka. Mimi sikuwaza kifungio. Niandike ni yangu, nitakuwa ninaiba."

Edna alitafsiri yote, hata lile la kuiba. Kwenye simu zilisikika karatasi zikipekuliwa.

"Dai la tisa," Bi Cheryl alisema. "Kifungio kimo kwenye dai la tisa. Basi majina yanabaki mawili. Nitaandika wiki hii kwamba tunafuta hayo sita."

Gregori alikwenda kwenye sinki akafungua maji, akasimama akiyaangalia yanavyokwenda. Flaviana aliona saa: shifti yake Columbia ilianza baada ya dakika hamsini, na barabara ingekuwa imejaa. Alivaa koti, akamgusa Gregori mgongoni kidogo alipompita, akachukua funguo.

Alipokuwa anafunga mlango aliwasikia wameanza tena.

"Mukanda wako ni mwembamba," Séraphine alikuwa akisema. "Itamukata muzee ngozi."

"Onyesha basi upana unaoutaka," Gregori akajibu, na maji yakafungwa.